Upandikizaji mimba uko Dar es Salaam: mama wa Bunda aanzie wapi?

Huenda umeisikia habari hii redioni au umeiona kwenye simu ya jirani: Hospitali ya Taifa Muhimbili imejenga kituo cha upandikizaji mimba, huduma ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa hospitali na kliniki binafsi. Ni habari njema. Lakini ukiwa Nyasura pale Bunda, au Kiabakari wilayani Butiama, au unauza dagaa mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, swali lako ni jingine: mimi naanzia wapi, na itanigharimu nini?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Imeandikwa kwa ajili ya mama anayetafuta mtoto wa kwanza, mama mwenye mtoto mmoja ambaye wa pili hajaja, na pia mama mkwe, dada, wifi au shangazi anayeishi na mwanamke wa namna hiyo. Kwa ufupi, tunachotaka kukuambia ni hiki: kwa familia nyingi za Mara tatizo kubwa si kwamba maabara ya upandikizaji iko mbali. Tatizo ni kwamba hatua za mwanzo, ambazo ni za bei nafuu na zingewatosha wengi, zinarukwa. Miaka inapita, pesa zinakwisha, na mume hajapimwa hata mara moja.

Ugumba ni nini, na unawapata watu wangapi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ni ugumba pale wenzi wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijatungwa. Ikiwa mwanamke ana miaka 35 au zaidi, wataalamu hushauri asisubiri mwaka mzima. Baada ya miezi 6 aende kituoni.

Ugumba si sawa na utasa. Watu wengi wanaoitwa tasa mitaani wana tatizo linalotibika, au hawana tatizo lolote na mwenye tatizo ni mwenzi wao.

Mwezi Aprili 2023 WHO ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia ugumba wakati fulani maishani mwake. Katika nchi tajiri ni asilimia 17.8, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 16.5. Kwa maneno mengine, tatizo ni karibu lilelile. Tofauti iko kwenye matibabu.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kupata mimba kabisa. Ya pili ni ya mtu aliyewahi kupata mimba, kisha nyingine ikakataa. Aina hii ya pili ni ya kawaida sana barani Afrika, na ndiyo inayosahaulika. Ukienda kituoni ukiwa umembeba mtoto wa miaka sita na kusema unatafuta mwingine, unaweza kuambiwa, "Shukuru Mungu, huyo unaye." Jibu hilo si tiba. Una haki ya kupimwa kama mwingine yeyote.

Kwa nini mimba haitungwi?

Mimba inahitaji mambo manne: yai lipevuke, mbegu za kiume ziwe nyingi na zenye nguvu, mirija ya uzazi iwe wazi ili vikutane, na mfuko wa uzazi uweze kuipokea mimba. Hitilafu kwenye jambo lolote kati ya haya inatosha kuizuia.

Kwa upande wa mwanamke, sababu za kawaida ni mayai kutopevuka kwa mpangilio, mirija kuziba, uvimbe kwenye kizazi, na matatizo ya homoni kama yale ya tezi ya shingo. Kwa upande wa mwanaume ni mbegu chache, mbegu dhaifu au kutokuwepo kabisa kwa mbegu. Mara nyingine chanzo ni maambukizi ya zamani, mishipa iliyovimba kwenye korodani, au njia ya mbegu iliyoziba. Karibu nusu ya wenzi wenye ugumba, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke.

Barani Afrika kuna jambo la kuzingatia zaidi. Uchunguzi mkubwa wa WHO uliofanyika katika nchi nyingi, na kuchapishwa mwaka 1985 katika jarida la kitabibu The Lancet, uliuliza kama Afrika ina tofauti. Ulionyesha kwamba wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizi kuliko wanawake wa maeneo mengine. Maambukizi hayo ni yale tunayoyafahamu: kisonono na klamidia ambavyo havikutibiwa, usaha na homa baada ya kujifungua, na mimba zilizotolewa kwa njia zisizo salama. Klamidia hasa ni adui wa kimyakimya, kwa sababu wanawake wengi wanaoipata hawaoni dalili yoyote.

Kwa mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ongeza kichocho. Kile kinachopatikana zaidi kwenye maji ya Ziwa Victoria hushambulia utumbo na ini. Lakini kipo kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga. Mayai yake yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na kwenye mirija, yakasababisha vidonda, kutokwa damu na hata ugumba. Mara nyingi mwanamke huyu hutibiwa ugonjwa wa zinaa tena na tena bila kupona. Ukiwa ulikulia kwenye maji ya namna hiyo, au ulikojoa damu utotoni, mweleze mtoa huduma. Dawa ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli, vilevile wanavyopewa watoto shuleni.

Huduma ziko wapi?

Tufuate barabara. Mama wa Butiama au Bunda anaanzia zahanati au kituo cha afya cha kata. Hapo anaweza kupata ushauri, kipimo cha kaswende na VVU, na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Ngazi inayofuata ni hospitali ya wilaya au ya mji. Juu yake, kwa mkoa mzima, ni hospitali ya rufaa iliyoko Musoma, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 na wakazi wakausubiri kwa miongo kadhaa. Baada ya hapo ni Mwanza, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kupitia Bunda, Lamadi na Magu.

Upandikizaji mimba wenyewe uko mbali zaidi, Dar es Salaam hasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Musoma. Ndiyo maana baadhi ya wenye uwezo huvuka mpaka wa Sirari kwenda Nairobi, kwa kuwa ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Majirani zetu walitangulia. Mtoto wa kwanza Uganda aliyezaliwa kwa njia hii alizaliwa mwaka 2004, kupitia kituo cha Dkt. Edward Tamale Sali kilichoko Bukoto, Kampala. Kenya ilifuata Mei 2006, kupitia kituo cha Dkt. Joshua Noreh, Nairobi. Kumbuka kwamba mtoto wa kwanza duniani, Louise Brown wa Uingereza, alizaliwa Julai 1978. Teknolojia hii si changa. Imechelewa tu kuwafikia watu wa kipato chetu.

Kwa nini upandikizaji ni ghali hivi?

Mama huchomwa sindano za homoni kwa siku kadhaa ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja. Daktari huyavuna kwa sindano ndefu akiongozwa na ultrasaundi. Mayai hukutanishwa na mbegu maabara, na baada ya siku chache kiinitete kimoja au viwili hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Kila hatua ina gharama: dawa zinaagizwa nje, maabara inataka hewa iliyochujwa na umeme usiokatika hata saa moja, na mtaalamu wa viinitete hapatikani kirahisi.

Katika vituo binafsi hapa nchini, mzunguko mmoja unaweza kuzidi shilingi milioni kumi. Hujaweka nauli, malazi ya wiki kadhaa, na siku ambazo hukuwa shambani au sokoni. WHO nayo imeeleza kwamba katika baadhi ya nchi, mzunguko mmoja tu unaweza kugharimu mara mbili ya kipato cha mwaka mzima cha kaya ya kawaida.

Na mzunguko mmoja si ahadi ya mtoto. Uingereza huchapisha takwimu zake, na hata huko, kwa wanawake walio chini ya miaka 35, ni takriban kiinitete kimoja kati ya vitatu vilivyopandikizwa kinachoishia kwa mtoto aliye hai. Umri ukipita 40 nafasi inashuka sana. Mtu akikuahidi kwamba kwake "haishindikani", mwogope.

Je, inaweza kushuka bei? Inaweza. Huko Genk, Ubelgiji, daktari Willem Ombelet na wenzake walibuni njia rahisi ya kukuzia viinitete bila mitambo mingi ya gharama, na watoto wa kwanza kwa njia hiyo walizaliwa mwaka 2012. Mradi wao ulilenga nchi zetu tangu mwanzo. Kwa hiyo bei ya leo si amri ya Mungu. Ni suala la nini kimepewa kipaumbele.

Kwa nini hakikupewa? Mwaka 1994, kwenye mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo, nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya ya uzazi ni pamoja na kuzuia na kutibu ugumba. Lakini bajeti zilikwenda zaidi kwenye uzazi wa mpango, na hilo lilikuwa na sababu yake, maana akina mama walikuwa wanakufa kwa mimba za kufuatana. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Nchi ikiwa na wastani kama huo, mpangaji wa bajeti huona tatizo ni kuzaa sana. Yule asiyezaa kabisa hapotei kwa sababu ni mmoja. Hupotea kwa sababu wastani unamficha.

Hatua zinazorukwa

Hapa ndipo tunapotaka ukae kidogo.

Fikiria mama mmoja wa Bunda, wa kufikirika lakini wa kawaida. Ameolewa miaka minne, hana mtoto. Mwaka wa kwanza alisubiri. Mwaka wa pili mama mkwe alimpeleka kwa mganga. Mwaka wa tatu alipiga ultrasaundi mara tatu kwenye zahanati tatu tofauti, kila mara akaambiwa "una uchafu kwenye kizazi" na kuchomwa sindano. Mwaka wa nne alinunua dawa ya "kuzibua mirija" aliyoiona kwenye simu. Ukijumlisha, ametumia pesa ambazo zingemaliza uchunguzi wote wa msingi, nauli ya Mwanza ikiwemo. Na mpaka leo hakuna anayejua kama mirija yake imeziba, kama mayai yake yanapevuka, wala kama mume wake ana mbegu.

Uchunguzi wa msingi una hatua chache, na unaweza kuuomba kwa mpangilio huu.

1. Mazungumzo na daktari, mkiwa wawili. Hedhi yako inakuja kila baada ya siku ngapi? Umewahi kuwa na mimba, kuharibikiwa, au kuugua homa na usaha baada ya kujifungua? Mume amewahi kupata mtoto, kuugua kisonono, kufanyiwa upasuaji wa ngiri? Mnakutana mara ngapi? Wapo wenzi ambao mume yuko ziwani au mgodini na anarudi mara moja kwa mwezi. Hao wanahitaji kalenda kabla ya dawa. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha.

2. Kipimo cha mbegu za kiume. Mume akae siku 2 hadi 7 bila kukutana, kisha atoe mbegu kwenye chombo safi ambazo maabara itazichunguza kwa hadubini mapema. Hakichomi wala hakiumi. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu mpya huchukua muda huo kukomaa.

3. Kujua kama yai linapevuka. Hedhi inayokuja kwa mpangilio ni dalili nzuri. Isipoeleweka, damu hupimwa homoni takriban siku saba kabla ya hedhi unayoitarajia.

4. Ultrasaundi, mara moja na kwa mtu anayeijua kazi. Inaonyesha uvimbe na ovari. Haiwezi kukuambia kwa uhakika kama mirija iko wazi.

5. Picha ya mirija kwa eksirei na dawa maalumu inayopitishwa kwenye kizazi, ambayo hospitalini utaisikia ikiitwa HSG. Hufanyika hedhi ikishakwisha na kabla yai halijapevuka. Inauma kiasi, kama maumivu ya hedhi, kwa dakika chache. Ulizia kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa. Kama kwa wakati huo haipatikani, omba rufaa ya Bugando kwa maandishi.

Baada ya hapo ndipo matibabu huchaguliwa. Kama mayai hayapevuki, kuna vidonge vya siku tano, kama letrozo au klomifeni, ambavyo bei yake haifanani hata kidogo na ya upandikizaji, na wanawake wengi hupata mimba kwavyo. Lakini usivinunue dukani mwenyewe. Daktari anapaswa kufuatilia, kwa sababu vinaweza kuleta mapacha au kuvimbisha ovari. Maambukizi hutibiwa kwa wote wawili kwa siku zilezile. Uvimbe mwingine huondolewa kwa upasuaji, mwingine huachwa. Tatizo la tezi hutibiwa kwa vidonge.

Upandikizaji huja mwisho, kwa wale ambao mirija yote imeharibika, mbegu ni chache mno, au tiba nyingine zimeshindwa. Hao wapo, na hawastahili kuambiwa "tulieni". Ila usianzie hapo, wala usikubali kupelekwa hapo na mtu ambaye hajamaliza hatua tano.

Mume asipotaka kupimwa

Wengi hawataki. Mwanaume huogopa kwamba akikutwa na tatizo, uanaume wake utakuwa hadithi ya kijiweni. Wengine husema, "Mimi nafanya kazi vizuri." Mwambie kwa upole: nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote na asiwe na mbegu hata moja.

Njia inayosaidia mara nyingi ni hesabu ya pesa. Kipimo chake ni rahisi na cha bei ndogo kuliko vyako vyote, kwa hiyo kianze hicho. Kikiwa kizuri, mmejua, na mnaendelea na vyako. Kikiwa na shida, mmeokoa nauli ya Mwanza na maumivu ya picha ya mirija. Kama ana kaka au rafiki anayemheshimu, au muuguzi wa kiume kituoni, mwache huyo aongee naye.

Kwako mama mkwe unayesoma: mwanao akianza yeye kupima, umewasaidia kuliko dawa zote ulizonunua. Na ukimwoza mke wa pili kabla hajapima, unaweza kuwa unamwongezea mwanamke wa pili wa kulaumiwa.

Ikiwa mmoja wenu anaishi na VVU, msifiche kwa daktari. Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vimefubaa anaweza kupata mtoto kwa usalama. Wahudumu wa kliniki ya CTC watawapangia.

Pesa zinakopotelea

Tuseme wazi mambo manne.

Hakuna dawa ya kunywa inayozibua mirija iliyoziba kwa makovu. Antibiotiki huua vijidudu vilivyopo. Kovu lililobaki haliondoi.

Kuingiza dawa, majani, unga au sabuni ukeni "kusafisha kizazi" hakusafishi chochote. Kunaweza kuchubua na kuleta maambukizi yaleyale yanayoziba mirija.

Uzazi wa mpango hauleti ugumba. Baada ya vidonge, kijiti au kitanzi, uwezo hurudi mapema. Baada ya sindano ya miezi mitatu unaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata kufikia mwaka, lakini unarudi.

"Uchafu kwenye kizazi" si jina la ugonjwa. Ukiambiwa hivyo, uliza: ni ugonjwa gani, kipimo gani kimeuonyesha, na je, mwenzangu naye atatibiwa? Andika majibu. Weka karatasi zote za vipimo kwenye bahasha moja na uende nayo kila mahali, ili usilipie kipimo kilekile mara tatu.

Jibu la zamani la Mara

Watu wa mkoa huu hawakusubiri maabara ili kutafuta jibu. Hasa kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, ipo ndoa ijulikanayo kama nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mdogo, ambaye watoto atakaowazaa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mkubwa. Wanawake hao hutunzana, hulima pamoja, na boma linapata mrithi.

Hatuitaji desturi hii ili kuisifu wala kuikejeli. Ina hatari zake: msichana anaweza kuozwa akiwa mdogo au bila hiari, na mwanaume anayechaguliwa anaweza kuleta maambukizi. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha ukubwa wa kilicho hatarini. Mtoto hapa si furaha ya nyumbani tu. Ni haki ya kubaki kwenye ardhi baada ya mume kufa, ni mtu wa kukuchotea maji uzeeni, ni jina kuitwa. Mama fulani, mama nani? Ndiyo maana mwanamke asiyezaa anaweza kurudishwa kwao, kupigwa, au kuletewa mwenzake ndani bila kuulizwa. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ugumba "hauui" ni kutojua anakoishi.

Kama unapigwa au unafukuzwa kwa sababu hii, hilo ni kosa la jinai, si suala la uzazi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Anza na mtu unayemwamini: mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, au muuguzi.

Serikali na hospitali zifanye nini?

Kituo cha Muhimbili kinapunguza pengo moja. Yanabaki mengine mawili, ya hapa kwetu.

La kwanza ni huduma ya msingi ya ugumba kuwepo kila hospitali ya wilaya na ya mkoa: siku maalumu ya kliniki kwa wenzi, kipimo cha mbegu kinachoaminika, picha ya mirija isiyosubiri miezi, na vidonge vya kupevusha mayai kwenye dirisha la dawa. Hakuna kati ya hivi kinachohitaji maabara ya mabilioni. Mwishoni mwa Novemba 2025 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia kuhusu ugumba, wenye mapendekezo 40, na umeweka mkazo kwenye kinga, uchunguzi wa hatua kwa hatua kwa wote wawili, na tiba zinazoanza na zile rahisi. Nchi sasa ina kitu cha kushika mkononi.

La pili ni malipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Swali la kuuliza kwenye mikutano ya kijiji na kwa mbunge wako ni hili: je, kwenye kitita, uchunguzi wa ugumba umo? Kama una bima leo, uliza kabla ya kipimo, si baada. Ng'ambo ya ziwa, mbunge wa Suba Kaskazini nchini Kenya, Millie Odhiambo, ambaye amezungumza hadharani kuhusu maumivu yake mwenyewe ya kukosa mtoto, alipeleka bungeni muswada wa kusimamia huduma hizi. Jambo likisemwa na aliyelipitia, husikika.

Unachoweza kulinda leo kwa wanao

Kinga ni nafuu kuliko tiba yoyote tuliyoitaja. Binti au kijana akiwa na ute wenye harufu, maumivu ya tumbo la chini au maumivu ya kukojoa, apelekwe kituoni bila kufokewa, maana anayefokewa hujificha na ugonjwa hupanda kwenye mirija. Mkwe wako akipata homa au uchafu wenye harufu baada ya kujifungua, asipewe dawa za kienyeji nyumbani; siku hiyohiyo aende hospitali. Watoto wasikose vidonge vya kichocho shuleni. Kijana wa kiume akiumia au kuvimba korodani ghafla, hiyo ni dharura ya saa chache.

Na neno "tasa" liache. Kituoni huandikwa ugumba, na ugumba ni hali inayochunguzwa.

Ukiamua kuanza, anza na haya wiki hii: andika tarehe za hedhi zako tatu zilizopita, kusanya karatasi za zamani kwenye bahasha, na mpange na mwenzako siku moja ya kwenda pamoja, hospitali ya wilaya kwanza. Mkifika, semeni sentensi moja: "Tumetafuta mtoto kwa muda huu, tunaomba tuchunguzwe wote wawili."